Kisukari cha ukoo: chakula cha mgonjwa kiwe chakula cha nyumba nzima

Katika nyumba nyingi za Tanga zenye mgonjwa wa kisukari, jikoni hupikwa mara mbili. Kuna sufuria ndogo ya mgonjwa: ugali wa dona, mchicha wa mafuta kidogo, kipande cha samaki wa kuchoma. Halafu kuna sufuria kubwa ya waliobaki: wali wa nazi, mchuzi mzito, chapati za jioni, na birika la chai ambalo sukari imeshatiwa humo humo kabla halijafika mezani. Anayepika hivi hupika kwa mapenzi. Hataki mtoto anyimwe kitu kwa sababu ya maradhi ya bibi yake. Lakini naamini mapenzi hayo yamekwenda upande usio wake. Bibi ameshaugua, chakula chake kinamsaidia kuishi vizuri na ugonjwa alio nao. Wanaokula kwenye sufuria kubwa ndio ambao bado wana nafasi ya kutougua kabisa, na ndio wanaopikiwa kana kwamba hakuna jambo.

Ukiuliza, utajibiwa: "Kwetu sukari ni ya ukoo." Maneno hayo husemwa Ngamiani, Makorora na Chumbageni, mara nyingi kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali yaishe. Bibi alikuwa nayo, baba mkubwa ilimkata mguu, shangazi macho yanafifia, basi na mimi zamu yangu itafika. Wengine huongeza kuwa limeshaandikwa. Naiheshimu imani hiyo, na ndiyo maana nakumbusha kuwa imani hiyo hiyo inatufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Kujua kwamba ugonjwa umo kwenye ukoo ni habari ya mapema. Asiye na mgonjwa nyumbani hana wa kumwonya. Wewe umeonywa miaka mingi kabla.

Tuanze na ukweli usiopendeza. Kisukari ninachokizungumzia hapa ni aina ya pili, ile inayowapata zaidi watu wazima, ambayo mwili bado unatengeneza insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, lakini haifanyi kazi ipasavyo. Aina ya kwanza, inayoanza zaidi utotoni na ujanani pale kinga ya mwili inaposhambulia kongosho, ina njia yake nyingine. Haizuiliki kwa chakula, na mzazi yeyote asijilaumu kwa ajili yake. Aina ya pili hurithiwa kwa nguvu. Makadirio yanayotumiwa sana na madaktari ni kwamba mwenye mzazi mmoja mgonjwa ana uwezekano wa takriban asilimia 40 wa kuugua katika maisha yake, na mwenye wazazi wawili wagonjwa hukaribia asilimia 70. Huo ni mzigo mkubwa, na anayekuambia kuwa ukoo hauna maana anakudanganya.

Hata hivyo namba hizo zisomwe vizuri. Asilimia 40 maana yake ni kwamba katika kila watu 10 wenye mzazi mgonjwa, 6 hawaugui. Na zimetoka kwa watu waliolelewa na wazazi hao hao, wakala walichokula wao, wakaishi walivyoishi wao. Hazitenganishi damu na jiko. Mtoto anapata vinasaba kwa mama yake siku ya kwanza, kisha kwa miaka yote ya kukua anajifunza kwake kipimo cha sukari kwenye chai, ukubwa wa pakuo, saa ya kula usiku, na mazoea ya kuita bodaboda hata kwa safari ya dukani. Akiugua akiwa na miaka 45, lawama yote inaangukia damu.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi ni wa nchi hii hii. Katika miaka ya 1980 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walipima watu katika vijiji sita vya Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989: waliokutwa na kisukari hawakufika hata asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliochukua watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban asilimia 9 wana sukari iliyopanda. Tafiti hizi hazilingani kwa kila kitu, kwani ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini tupu na ulijumuisha vijana wadogo zaidi, ilhali wa pili ulichukua na watu wa mijini. Punguza sehemu kubwa ya tofauti kwa sababu hizo, na bado kinachobaki hakielezeki kwa damu. Vinasaba vya watu wazima wa taifa zima havibadiliki ndani ya miaka 25 au 30. Wajukuu wana damu ile ile ya babu zao. Kilichobadilika ni kazi, usafiri, unga, mafuta, vinywaji na saa za kukaa.

Kinachotokea mwilini kinafaa kueleweka, maana ndicho kinachoonyesha mahali pa kushika. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, ndiyo inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli na viungo vingine. Mafuta yakizidi tumboni na kwenye ini, mwili huanza kuwa mzito kuisikiliza insulini. Kongosho hujibu kwa kutengeneza nyingi zaidi, na kwa miaka kadhaa hufaulu: sukari inabaki ya kawaida, mtu anajiona mzima, huku kongosho likifanya kazi ya ziada kila siku. Kwa watu wengi wenye ugonjwa katika ukoo, tofauti iko hapa: kongosho lao huishiwa nguvu mapema. Jirani anaweza kubeba kitambi kile kile hadi uzeeni bila kuugua, na yeye akashindwa akiwa na miaka 40. Amerithi kongosho lenye akiba ndogo, na mwenye akiba ndogo huanza kubana matumizi mapema kuliko wenzake.

Je, kubana huko kunamsaidia kweli mtu wa namna hii? Swali hili limeshajibiwa, na jibu lake ni la kutia moyo kuliko watu wengi wanavyodhani. Marekani ilifanya jaribio kubwa ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2002. Watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia kisukari, wengi wao wakiwa na wagonjwa katika familia, waligawanywa. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, hasa kutembea kwa haraka. Kundi la pili lilipewa metformini, dawa ya vidonge ya kisukari. La tatu lilipewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Baada ya wastani wa karibu miaka mitatu, kundi la mazoezi na chakula lilikuwa na wagonjwa wapya pungufu kwa asilimia 58 likilinganishwa na la vidonge vitupu. La metformini, pungufu kwa asilimia 31. Finland ilikuwa imepata asilimia 58 hiyo hiyo mwaka mmoja nyuma. India, ambako watu huugua wakiwa wadogo na wembamba zaidi, faida ilikuwa asilimia 28.5, ndogo lakini ya kweli.

Wapo watakaosema hao walikuwa na urithi mwepesi wa ugonjwa. Hilo nalo lilichunguzwa. Mwaka 2006 watafiti waliangalia kinasaba kiitwacho TCF7L2, kilicho miongoni mwa vile vinavyochangia zaidi kisukari cha aina ya pili, kwa washiriki wa jaribio lile lile la Marekani. Waliokuwa na nakala mbili za kinasaba chenye hatari waliugua kwa kasi zaidi kuliko wenzao, hasa katika kundi la vidonge vitupu. Katika kundi la chakula na mazoezi, tofauti kati yao na wenzao ilipungua sana. Waliobeba damu yenye hatari nao walifaidika sana na mabadiliko. Kwangu mimi huo ndio utafiti unaopaswa kusimuliwa kwenye kila nyumba inayosema "kwetu ni ya ukoo".

Sitaahidi zaidi ya ushahidi. Wapo watakaofanya yote na bado wataugua. Katika mji wa Da Qing nchini China, jaribio lilianza mwaka 1986, likaendeshwa kwa miaka sita, na washiriki wakafuatiliwa kwa miaka 30. Wengi hatimaye waliugua. Lakini waliobadili chakula na mazoezi walichelewa kuugua kwa karibu miaka minne, na vifo vyao vya maradhi ya moyo na mishipa vilikuwa pungufu kwa asilimia 33. Miaka minne bila sukari ya juu ni miaka minne ambayo figo, macho na mishipa ya miguu haikuharibiwa. Kwa mwenye watoto wanaosoma, ni muda wa kumaliza kuwasomesha.

Sasa turudi Tanga. Jambo la kwanza ni kupima, na hapa ndugu wa mgonjwa wanasahauliwa vibaya. Fikiria siku ya kliniki. Mama mzee analetwa na binti yake wa miaka 38. Binti ndiye aliyebeba kadi, aliyepanga foleni, aliyekumbuka majina ya dawa. Mama anatobolewa kidole, sukari inaandikwa, wanarudi nyumbani. Binti hakupimwa, na hakuna aliyemuuliza. Ukiwaondoa wagonjwa wenyewe, yeye na wasindikizaji kama yeye ndio wenye hatari kubwa kuliko watu wengi mjini. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa watu wazima milioni 24 barani Afrika wanaishi na ugonjwa huu, na kwamba zaidi ya nusu yao hawajui. Baadhi ya hao wasiojua huenda wana ndugu anayehudhuria kliniki.

Kungoja dalili ni kuchelewa. Kiu isiyoisha, kukojoa usiku kucha na kukonda ghafla huja sukari ikiwa imeshapanda sana. Kipindi ambacho mabadiliko yanafaa zaidi hakina maumivu yoyote. Kipimo rahisi ni cha asubuhi kabla ya kula, baada ya kufunga kwa muda wa saa nane au zaidi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, chini ya 6.1 (milimoli kwa lita) ni kawaida, 6.1 hadi 6.9 ni onyo, na 7.0 kwenda juu ni kisukari, ambacho kwa asiye na dalili huthibitishwa kwa kipimo cha pili. Baadhi ya miongozo huanza kuonya tangu 5.6. Kipo pia kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu, HbA1c, ambacho kikifika asilimia 6.5 ni kisukari. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mgonjwa, na mwili wake umeongezeka, asingoje kufika miaka 40, apime sasa. Akikutwa sawa, arudie angalau kila baada ya miaka mitatu. Akiwa kwenye onyo, kila mwaka.

Kuna alama moja ambayo nataka iangaliwe leo, hasa kwa vijana. Ngozi ya nyuma ya shingo au ya kwapani inaweza kuwa nyeusi kuliko kwingine, nene, laini kama mahameli. Kina mama wengi huiona kwa watoto wao wanene na kudhani ni uchafu. Mtoto anasuguliwa kwa dodoki mpaka ngozi inachubuka, na weusi hautoki. Hautoki kwa sababu mara nyingi ni ishara kwamba insulini imezidi mwilini, mwili ukiwa umeanza kuipuuza. Mtoto huyo anahitaji kipimo, na anahitaji asisemwe vibaya.

Kiuno nacho kinasema. Futi ya fundi cherehani inatosha: kwa mwanamume, sentimita 94 kwenda juu ni hatari, kwa mwanamke, 80. Lakini asiyekuwa na kitambi asijipe amani mapema. Afrika ina wagonjwa wengi wa aina ya pili ambao hawakuwa wanene hata siku moja, na kwa mwenye ugonjwa katika ukoo, wembamba si kinga. Mwanamke aliyepata sukari wakati wa mimba, hata kama ilirudi sawa baada ya kujifungua, ana uwezekano wa kuugua baadaye zaidi ya mara saba ya mwenzake ambaye hakuipata. Wengi huambiwa "imeisha", wakashukuru, wasirudi tena. Inatakiwa apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha aendelee kupimwa maisha yake yote.

Baada ya kipimo ndipo tunafika kwenye sufuria, na hapa nitakaa, maana hapa ndipo mambo yanapoamuliwa.

Chakula cha pwani hakina kosa la asili. Nasema hivi kwa sababu ushauri mwingi wa chakula unaotufikia unamfanya mtu wa Tanga aone kwamba ili awe salama lazima ale vitu vya dukani visivyojulikana kwao. Sivyo. Tuna kisamvu, matembele, mchicha, bamia, mlenda, biringanya. Tuna kunde, choroko, mbaazi. Tuna samaki, pweza na dagaa, na mboga za Lushoto zinashuka sokoni kila siku. Kilichoharibika ni mgawanyo. Wali umekuwa kilima, mboga imekuwa alama ya kijani pembeni. Geuza: nusu ya sahani iwe mboga za majani na kachumbari, robo iwe samaki, maharage au nyama, na robo iliyobaki ndiyo ya wali, ugali, chapati au muhogo. Nasema "au", kwa sababu mezani kwetu mara nyingi huwa "na". Wali na viazi kwenye mchuzi, na chapati ya kusindikizia: yote hayo ni wanga, na yote hugeuka sukari kwenye damu ndani ya saa chache. Muhogo na ndizi za nazi zisihesabiwe kama mboga.

Nazi yenyewe sitaipiga vita. Tui jepesi kwenye kunde si adui wa mtu. Wasiwasi wangu ni mikaango inayofuatana: andazi asubuhi, sambusa saa nne, chapati usiku, na mafuta ya chapati ya usiku ndiyo yale yale ya sambusa ya jana. Mbaazi za asubuhi nazitetea kwa nguvu zote. Zina nyuzinyuzi na protini, zinashibisha, na sukari yake huingia kwenye damu polepole. Chukua bakuli la mbaazi na andazi moja badala ya maandazi manne na kijiko cha mbaazi, na kifungua kinywa chako kimebadilika bila kuagiza kitu kutoka nje ya mtaa.

Chai ndiyo rahisi kuliko vyote kurekebisha, na sijui kwa nini hatuanzi nayo. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Vikombe vitatu vya vijiko vitatu vitatu vimeshafika tisa, na mtu hajagusa soda, ambayo chupa yake ya mililita 350 peke yake ina takriban gramu 35 au zaidi. Sukari itolewe kwenye birika. Iletwe mezani kwenye bakuli lake, kila mmoja atie yake kwa kuona anachotia. Aliyezoea vijiko vitatu ashuke kimoja, akae wiki kadhaa, ashuke tena, ulimi huzoea. Na watoto waanze na chai isiyo na sukari kabla hawajajua nyingine.

Machungwa ya Muheza yaliwe, yasikamuliwe. Chungwa zima lina nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari, na mtu akila mawili ametosheka. Glasi moja ya juisi inabeba machungwa manne, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, na wengi wetu tunaongeza sukari juu yake. Tafiti za miaka mingi zinaonyesha tofauti hiyo hiyo: wanaokula matunda mazima, hatari yao haipandi, na kwa baadhi ya matunda hushuka, wanaokunywa juisi kila siku, hupanda. Juisi ya ukwaju yenye sukari ya kikombe kizima ihesabiwe kama soda.

Mwezi wa Ramadhani unastahili kutajwa peke yake. Kwa mtu ambaye hajaugua, kufunga kungeweza kuwa mwezi wa kupumzisha kongosho. Lakini tazama futari: uji wa sukari, tende, viazi vitamu, magimbi, muhogo wa nazi, tambi za sukari, vitumbua, kaimati zilizochovywa kwenye shira, na jagi la juisi. Kisha daku la wali. Kuna watu wanaotoka Ramadhani wakiwa na uzito zaidi ya walioingia nao. Hakuna anayetaka futari ya Tanga ife, nami simo. Nataka meza ichague: tende chache na maji, uji usio na sukari nyingi, aina moja ya wanga badala ya tano, na mbaazi au samaki na mboga viwepo siku zote. Mtu akiswali magharibi katikati, akarudi mezani, atakuta njaa imeshapungua. Tarawehe baadaye, kwa anayekwenda msikitini kwa miguu, ni sehemu ya dawa.

Harusi, arobaini na maulidi sitazisemea sana. Biriani ya shughuli haimletei mtu ugonjwa. Kinachomletea ni siku za kawaida zinazopikwa kama shughuli.

Kuhusu kujongea: misuli inapofanya kazi huchota sukari kwenye damu hata bila kungoja insulini nyingi, na ndiyo maana hata matembezi ya dakika kumi au kumi na tano baada ya chakula cha usiku hupunguza kilele cha sukari. Tanga inajulikana kwa baiskeli zake. Mji ni tambarare, na kizazi cha wazazi wetu kilikwenda kazini, sokoni na mazikoni juu ya baiskeli. Ninaumia nikiona kijana mwenye baba mgonjwa anapanda bodaboda kutoka barabara moja ya Ngamiani hadi nyingine huku baiskeli ya baba imeegeshwa ukutani, tairi zimekauka. Dakika 150 kwa wiki ni nusu saa kwa siku tano. Baiskeli ya kwenda na kurudi kazini inaimaliza bila kutafuta muda wa ziada.

Kwa wanawake jambo ni gumu zaidi, na wachambuzi wa kiume hulirukia haraka. Mwanamke aliyeamka alfajiri, akapika, akafua, akauza maandazi, amechoka. Kuambiwa "fanya mazoezi" anaweza kuliona tusi. Tena anajiuliza atatembea wapi, na nani, na watu watasemaje. Ninachokiona kinafanya kazi ni kundi: mawifi wawili, majirani watatu, baada ya alfajiri au jioni upande wa Raskazone penye upepo wa bahari, kwa baibui na viatu vya raba. Mume akae na watoto nusu saa hiyo. Hilo nalo ni sehemu ya kinga ya ukoo, na halimgharimu kitu.

Kuna kikwazo ambacho ushauri wa daktari haukifikii, nacho ni macho ya watu. Mwanamke akinenepa baada ya ndoa, mumewe husifiwa kuwa anamtunza. Akipungua kilo tano kwa juhudi zake, ataulizwa ana nini, na maneno yataanza kupita kwamba anaumwa ugonjwa usiotajwa. Wengi huacha hapo hapo. Mtu wa kilo 80 anahitaji kupungua kama kilo 5.6 tu ili afikie ile asilimia 7 ya utafiti, na bado atabaki na mwili wake. Lakini bila mume, mama mkwe na mashoga kusema wazi kuwa wanajua na wanaunga mkono, atazirudisha kilo hizo ili azibe midomo. Naona jukumu hili ni la familia kuliko la mwenyewe.

Sigara iachwe, huongeza hatari ya kisukari kwa asilimia 30 hadi 40. Usingizi usidharauliwe. Na dawa za chupa zinazouzwa kwa jina la "dawa ya sukari" zisichukue nafasi ya kipimo. Mlonge ni mboga nzuri, upikwe. Hakuna majani yaliyothibitishwa kuondoa hatari ya ukoo. Metformini ipo kwa baadhi ya watu ambao sukari yao iko kwenye onyo, hasa wenye unene mkubwa, wenye umri chini ya miaka 60 au waliopata sukari ya mimba, lakini hiyo ni kazi ya daktari, na kidonge cha mama kisigawanywe kwa watoto.

Nina ombi kwa watoa huduma wa kliniki za kisukari, kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo hadi vituo vya afya vya mitaani. Kwenye kadi ya kila mgonjwa paandikwe majina ya watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja waliopita miaka 18, na mbele ya kila jina tarehe aliyopimwa. Jina lisilo na tarehe liulizwe kila mgonjwa anaporudi. Haihitaji mashine mpya. Kalamu ipo, na kipimo cha kidole kiko mezani.

Na kwa nyumba zenyewe: siku ya kliniki ijayo, msindikizaji asinywe chai asubuhi. Aende na njaa kama mgonjwa wake, na mama akimaliza kupimwa, naye anyooshe kidole. Wakirudi, kipikwe chungu kimoja, kile cha mama, kwa ukubwa wa kuwatosha wote.